Tupa Bildi, Usiufute Ufa



Mara nyingi tukiambiwa tusali tunainua macho juu. Leo naomba tufanye kinyume chake. Tushuke. Tushuke chini kweli kweli, kilometa mbili au tatu chini ya maji ya bahari, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki kabisa. Chukua Biblia yako, au fungua ile ya kwenye simu, usome Matendo ya Mitume sura ya 27, hasa mstari wa 27 hadi 29. Soma kwanza, halafu urudi hapa.

Umesoma? Haya.

Mtume Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma kwa meli. Dhoruba imewachapa, na huu sasa ni usiku wa kumi na nne. Katikati ya usiku mabaharia wanahisi kwamba wanakaribia nchi kavu. Giza ni nene, hawaoni kitu. Wanafanya nini? Hawakisii, wala hawajifariji eti mambo yatakuwa sawa tu. Wanapima maji. Wanapata pima 20. Wanasogea kidogo, wanapima tena, wanapata pima 15. Sasa wanajua kwamba wanaweza kugonga miamba. Basi wanatia nanga nne upande wa tezi na kuomba kupambazuke.

Watu wa pwani wanakijua kifaa cha kazi hiyo. Kinaitwa bildi: kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Nahodha akifika maji asiyoyajua anaitupa bildi, anahesabu pima, anajua chini kukoje.

Swali langu kwako leo ni moja tu: mara ya mwisho kutupa bildi ndani ya moyo wako ilikuwa lini?

Najua huku juu ya maji uko vizuri. Picha ulizoweka mtandaoni zinapendeza. Kwenye kwaya upo, kwenye jumuiya upo, ukiulizwa habari unajibu "safi tu, namshukuru Mungu". Lakini chini je? Wahenga walisema: uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, yanakojikusanya maji yanayovuja. Unaweza kukimbilia nyuma, unaweza kukimbilia mbele, lakini kuna siku utalazimika kushuka ngamani, la sivyo chombo kitazama na wewe.

Ili tuelewane vizuri, nataka nikusimulie jinsi wanadamu walivyoipima sakafu ya bahari, hasa ile safu ya milima inayopita katikati ya bahari kuu. Ni habari ya kweli, na ina mengi ya kutufundisha sisi tunaojiandaa kwa kitubio, na hata sisi tunaokikwepa.

Milima iliyofichwa majini

Zamani watu wengi walidhani sakafu ya bahari kuu ni tambarare, kama sinia. Kuipima ilikuwa taabu. Meli ya Waingereza iitwayo Challenger, iliyosafiri katika bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876, ilitumia njia ileile ya mabaharia wa Paulo: kamba ndefu na uzito. Kupima sehemu moja tu yenye kina kirefu kulichukua saa kadhaa. Hata hivyo waligundua jambo la ajabu. Katikati ya Bahari ya Atlantiki, mbali na nchi kavu za pande zote mbili, kina kinapungua. Kulikuwa na kitu kimeinuka huko chini.

Baadaye watu wakajifunza kupima kwa sauti. Meli inapiga mlio, mlio unashuka, unagonga sakafu, na mwangwi unarudi. Majini sauti hukimbia takribani mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, sauti imesafiri mita 6,000 kwenda na kurudi, na kina ni mita 3,000. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini angalia: mlio mmoja unakupa namba moja. Haukupi mlima wala haukupi bonde. Inabidi meli isogee, ipige tena, isogee, ipige tena, namba maelfu kwa maelfu, ndipo umbo la huko chini lianze kuonekana.

Na kuna jambo jingine. Ukipiga mlio lazima usikilize. Mwangwi ni mdogo kuliko mlio, na anayepiga kelele mfululizo hataupata. Hebu jiulize kuhusu sala zako. Tunaongea, tunaimba, tunamaliza rozari mbio mbio, tunasema amina, tunashika simu. Mwangwi unarudi saa ngapi?

Leo tunajua kwamba ile safu ya milima haiko Atlantiki peke yake. Inapita Atlantiki, Bahari ya Hindi na Pasifiki, imezunguka dunia kama mshono wa mpira. Urefu wake ni kama kilometa 65,000, wakati mzunguko wa dunia yenyewe ni kilometa 40,000 tu. Ndiyo safu ya milima iliyo ndefu kuliko zote duniani, na karibu yote imezama. Mtu anaweza kuivuka kwa meli huku anakunywa chai, asijue kabisa kilichopo chini yake.

Ndivyo tunavyoishi wengi wetu. Jambo kubwa kuliko yote ndani yako linaweza kuwa ndilo hujawahi kuliona.

Mwanamke aliyechora ufa

Sasa nikutambulishe kwa Marie Tharp. Alizaliwa mwaka 1920 huko Michigan, Marekani, akasomea jiolojia na hisabati. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipata kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika kikundi kilichochunguza bahari. Wenzake wanaume walikwenda baharini kukusanya vipimo. Yeye alibaki mezani, maana wakati ule wanawake hawakupewa nafasi melini. Mwenzake Bruce Heezen alileta marundo ya namba, naye Tharp, kwa kalamu na rula, alizigeuza namba zile kuwa michoro.

Mwaka 1952 aliipanga michoro sita iliyokatiza Atlantiki ya Kaskazini, mmoja chini ya mwingine. Vilele vya milima havikulingana vizuri kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Lakini kitu kimoja kilijirudia: juu kabisa ya safu, katikati, palikuwa na bonde jembamba lenye kina, kama mtu aliyepasua mlima kwa shoka. Ufa.

Alipomwonyesha Heezen, Heezen alikataa. Aliona ni maneno ya wasichana tu. Kwa nini alikataa? Si kwamba namba zilikuwa mbaya. Alikataa kwa sababu ya maana yake. Kama katikati ya bahari kuna ufa, basi huenda mabara yanasogea, na wakati ule mwanasayansi wa Marekani aliyesema mabara yanasogea alionekana amechanganyikiwa. Ufa ulimdai abadilishe mawazo yake yote kuhusu dunia. Ilikuwa rahisi zaidi kusema haupo.

Kijana mwenzangu, nadhani umeanza kuona ninakoelekea. Mara nyingi hatukatai ukweli kuhusu sisi wenyewe kwa sababu hauonekani. Unaonekana. Tunaukataa kwa sababu tunajua ukishakubaliwa utadai mabadiliko. Nikikubali kwamba kubeti kwangu si mchezo tena, itabidi niseme na mtu. Nikikubali kwamba uhusiano huu unaniharibu, itabidi niuache. Nikikubali kwamba sijamsamehe mzazi wangu, itabidi nianze safari ambayo siitaki. Basi tunachukua kifutio.

Tharp hakufuta. Alirudi mezani, akahakiki namba zake, akachora upya. Ufa ukabaki palepale.

Matetemeko hayadanganyi

Kilichokuja kumshawishi Heezen ni ushahidi wa pili, na ulitoka meza ya jirani. Kijana mmoja, Howard Foster, msanii aliyekuwa kiziwi, alikuwa amepewa kazi ya kuweka kwenye ramani vitovu vya maelfu ya matetemeko ya ardhi yaliyowahi kutokea baharini, ili ijulikane mahali salama pa kulaza nyaya za simu. Ramani yake ilikuwa ya kipimo kilekile na ya Tharp. Walipoziweka ramani mbili pamoja juu ya meza yenye taa chini yake, vile vitone vya matetemeko vilikuwa vimejipanga ndani ya bonde lile. Ufa ulikuwepo, na ulikuwa hai.

Halafu wakatazama nchi kavu, wakaona matetemeko ya aina hiyohiyo yamejipanga mahali pengine ambapo watu wanapaona kwa macho. Unajua wapi? Kwetu huku. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Wewe uliyewahi kusimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale ardhi inapokatika na bonde linafunguka chini yako, umeona nchi kavu kitu kinachofanana na kile ambacho Tharp alikiona kwenye karatasi tu.

Bado wengi walikuwa na mashaka. Mmoja wao alikuwa Jacques Cousteau, mpelelezi wa bahari maarufu wa Ufaransa. Alivuka Atlantiki na meli yake Calypso akiburuta kamera karibu na sakafu, na mwaka 1959 akaionyesha filamu yake mbele ya mkutano mkubwa wa wanasayansi wa bahari huko New York. Bonde lilikuwa pale, lenye kuta zake nyeusi, kama lilivyochorwa na mwanamke ambaye hakuwa ameliona.

Nataka ulichukue somo hili la ramani mbili, maana ni msaada mkubwa katika kuchunguza dhamiri. Wengi wetu tukifanya uchunguzi wa dhamiri tunaorodhesha matetemeko tu: nilikasirika, nilitukana, nilidanganya, nilitazama picha chafu, sikwenda Misa. Tunayaungama, tunarudi nyumbani, mwezi ujao tunakuja na orodha ileile. Padri anaifahamu, sisi wenyewe tumeizoea. Orodha si mbaya, Kanisa linatutaka tuziungame dhambi zetu. Lakini hebu weka orodha ya matetemeko juu ya ramani, uangalie yamejipanga kwenye mstari gani.

Mfikirie binti mmoja wa miaka 22. Anawafokea wadogo zake, halafu analia peke yake. Akipigiwa simu na baba yake anaikata. Kila akipendwa na kijana mwema anatafuta sababu ya kumwacha kabla hajaachwa. Kila kitone ukikitazama peke yake ni jambo dogo. Viweke pamoja, utaona mstari: baba aliondoka nyumbani binti huyu akiwa na miaka 9, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Huo ndio ufa. Bila kuufikia, ataungama hasira mpaka uzee.

Hapa naomba tuwe waangalifu sana. Kuna ufa ambao ni dhambi yangu mwenyewe, niliuchagua, na dawa yake ni toba na kitubio. Na kuna ufa ambao ni jeraha nililotiwa na mtu mwingine. Jeraha si dhambi. Kama ulidhulumiwa, ulipigwa, ulichezewa utotoni, huna la kuomba msamaha juu ya hilo, na asikudanganye mtu. Lipeleke kwa Yesu, ndiyo, lakini mweleze pia mtu mzima unayemwamini, padri, sista, au mshauri mwenye taaluma hiyo. Neema ya Mungu haichukii wataalamu.

Pima maji kwanza

Kuna jambo moja ambalo wapimaji wa bahari hulifanya na sisi hulisahau. Kabla ya kuuamini mwangwi, huteremsha kifaa cha kupima maji yenyewe: joto lake, chumvi yake, mgandamizo wake. Kwa nini? Kwa sababu mwendo wa sauti hubadilika kufuatana na hali ya maji. Mlio ni uleule na sakafu ni ileile, lakini ukikosea hali ya maji utapata kina cha uongo. Mlima utauona bonde, na bonde utaliona mlima.

Sasa wewe unajichunguza saa ngapi? Wengi ni saa saba usiku, umechoka, umekosana na mtu, simu imekwisha chaji, umetoka kutazama maisha ya wenzako mtandaoni yanavyong'aa. Hapo ndipo unatupa bildi na kuhitimisha: mimi si kitu, Mungu amenichoka. Ndugu yangu, hiyo si sakafu ya moyo wako. Hayo ni maji tu yamechafuka. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyewafundisha wengi kuchunguza dhamiri kila siku, alionya kwamba wakati wa ukiwa wa roho tusibadilishe maamuzi mema tuliyoyafanya tukiwa katika amani. Lala kwanza. Kula. Kesho, ukiwa umetulia, omba nuru ya Roho Mtakatifu, kisha upime.

Tena Inyasi hakuanza na dhambi. Alianza na shukrani. Mtu anayejua kwamba anapendwa anaweza kuvumilia kuuona ufa wake. Asiyejua hilo ataufuta tu, hata umwonyesheje.

Picha 13

Sasa tushuke mpaka chini kabisa. Pale kwenye ufa kuna nini?

Wanasayansi waliposhuka walikuta kwamba pale sakafu inaachana. Katika Atlantiki pande mbili zinatengana kwa sentimita chache kwa mwaka, kama kasi ya ukucha kukua. Mwamba ulioyeyuka unapanda kutoka chini, unagusana na maji baridi, unaganda, unakuwa ardhi mpya. Yaani pale palipopasuka ndipo sakafu ya bahari inapozaliwa. Sakafu yote ya Atlantiki, kutoka ufuko wa Afrika hadi ule wa Amerika ya Kusini, ilizaliwa kwenye ufa ule, kidogo kidogo.

Si hilo tu. Mwezi Februari mwaka 1977 kikundi cha wanasayansi kilikuwa Pasifiki, karibu na visiwa vya Galápagos, kikichunguza safu kama hiyo. Waliburuta kamera iliyopiga picha usiku mzima kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Kulikuwa na kipimajoto pia, na kwa muda mfupi sana kiliruka, kisha kikarudi. Walipozisafisha picha zile, kama 3,000, karibu zote zilionyesha mwamba mtupu mweusi. Lakini picha 13, zile za dakika ambayo joto lilipanda, zilijaa chaza na kome, mamia kwa mamia.

Walishuka na nyambizi ndogo iitwayo Alvin, inayobeba watu watatu. Wakakuta maji ya moto yakibubujika katika nyufa, na kando yake viumbe ambao hakuna aliyewategemea, wakiwemo minyoo mirefu yenye vichwa vyekundu, ambayo aina yake hufikia mita 2. Melini hapakuwa na mwanabaiolojia hata mmoja, kwa sababu nani angetegemea uhai mahali pale? Dawa ya kuhifadhia viumbe haikutosha, wakatumia vodka waliyokuwa nayo. Kisha ikaja kufahamika kwamba uhai ule hautegemei jua. Unategemea bakteria wanaojipatia nguvu kutokana na gesi inayotoka kwenye ufa, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo kwa sisi ni sumu.

Soma Ayubu 38:16. Mungu anamuuliza Ayubu kama amewahi kufika kwenye chemchemi za bahari na kutembea katika vilindi. Sisemi kwamba Biblia ni kitabu cha jiolojia, haikuandikwa kwa kazi hiyo. Nasema tu kwamba wakati sisi tunadhani huko chini ni giza na kifo, Muumba alikuwa huko siku zote, akitunza viumbe ambao hakuna jicho la mtu lililowaona. Zaburi ya 139 inakiri kwamba mbele zake hata giza si giza. Na nabii Yona, aliyezama mpaka kwenye misingi ya milima, aliomba akiwa hukohuko, na hukohuko akasikilizwa. Hakusubiri kwanza apande juu ndipo asali.

Ubavu uliochomwa

Vijana wapendwa, hapa ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Ufa wako unauogopa kwa sababu unadhani ukiufikia utakuta mwisho wako. Msalaba unasema vingine. Yohane 19:34 inatueleza kwamba askari alimchoma Yesu ubavu kwa mkuki, na ikatoka damu na maji. Mababa wa Kanisa waliona pale chemchemi ya sakramenti zetu, Ubatizo na Ekaristi, na wakaona Kanisa likizaliwa kutoka ubavu ule. Jeraha likawa mlango wa uzima. Na alipofufuka, Yesu hakuyafuta majeraha yake. Alimwalika Tomaso ayaguse (Yohane 20:27). Mwili wa utukufu una makovu.

Simaanishi kwamba dhambi ni nzuri. Dhambi inaua, na gesi ya ufa ule ni sumu kweli. Nasema kwamba hakuna kina ambacho Kristo hajashuka. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunakiri kwamba alishukia kuzimu. Sasa wewe una ufa gani wenye kina kuliko huo? Pale unapopaonea aibu zaidi, ukimruhusu aguse, ndipo anapoanza kuumba ardhi mpya. Huenda ikawa kwa kasi ya ukucha kukua. Leo hutaona tofauti, mwaka huu labda kidogo. Lakini bahari nzima ilifunguka kwa mwendo huohuo.

Na kama unaogopa kiti cha maungamo, kumbuka kwamba padri amefungwa na siri ya maungamo, haruhusiwi kuivunja kwa sababu yoyote. Huendi kumshangaza Mungu kwa habari mpya. Unakwenda kumruhusu afanye kazi mahali ambapo amekuwepo muda wote.

Wiki hii tufanye nini?

Hadi leo, pamoja na meli za kisasa zinazopiga milio mingi kwa mara moja na kufagia eneo pana la sakafu, ni zaidi kidogo ya robo tu ya sakafu ya bahari zote iliyopimwa vizuri. Kazi ni ndefu, na inakwenda mstari kwa mstari, meli ikienda na kurudi kama mkulima anayelima shamba lake. Kwa hiyo usitake kumaliza moyo wako kwa usiku mmoja. Nakupa kazi ndogo ya siku 7:

Kwanza, kila jioni tenga dakika 10, simu iwe mbali. Anza kwa kumshukuru Mungu kwa jambo moja la siku ile, jambo lenye jina.

Pili, jiulize: leo nilitetemeka wapi? Hasira, wivu, machozi, hofu, au ule uongo mdogo. Andika neno moja au mawili kwenye daftari. Usijihukumu, andika tu.

Tatu, nyamaza dakika mbili. Acha mwangwi urudi.

Siku ya 7, lisome daftari lote kwa pamoja, ukatafute mstari. Ukiuona, usichukue kifutio. Kama ni dhambi, nenda ukatubu. Kama ni jeraha, tafuta mtu wa kukusaidia kulibeba. Kama hujaona kitu, usikate tamaa, rudia wiki ijayo. Tharp alikaa na namba zile miaka na miaka.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyetembea juu ya maji na ukashuka chini kuliko maji yote, tunakuomba utushike mkono tunapojichunguza. Utuondolee hofu ya kuona yaliyo chini. Wafariji wenzetu waliojeruhiwa na watu waliopaswa kuwalinda. Warudishe kwenye kitubio wote walioacha kwa aibu. Pale tulipopasuka, tia uhai wako. Mama Maria, Nyota ya Bahari, utuombee mpaka kupambazuke. Amina.

Mungu akubariki. Na kama unamjua kijana ambaye huku juu anacheka lakini unahisi huko chini kuna kitu, usimtumie tafakari hii tu ukaishia hapo. Mpigie simu. Muulize anaendeleaje, halafu nyamaza, umsikilize.